Picha ya Bahari Huanzia Kwenye Mwezi

Kibaha ndiyo makao makuu ya Mkoa wa Pwani, na Kisarawe ni wilaya kongwe ya mkoa huohuo, lakini leo hakuna kati ya hizo mbili yenye ufuko. Kisarawe iliwahi kufika baharini upande wa Kisiju, hadi Mkuranga ilipomegwa kuwa wilaya inayojitegemea katika miaka ya 1990. Kibaha imekaa kando ya barabara ya Morogoro, na bahari iliyo jirani nayo ni ya Bagamoyo au ya Dar es Salaam. Kwa hiyo anayeishi Maili Moja, Tumbi, Mlandizi, Kisarawe mjini au Maneromango, akitaka picha nzuri za pwani, hana budi kufunga safari. Safari hizo kwa kawaida hupangwa kwa mazoea. Ni Jumamosi, watu wanakunywa chai, wanasubiriana, gari linaondoka saa tatu, na kwenye saa tano wako ufukweni simu mikononi. Jioni wakizitazama picha, bahari ni mstari mwembamba ulioko mbali, mchanga umeungua kwa weupe, na nyuso za watoto zimezama katika kivuli cha kofia zao. Lawama zote huiangukia simu. Nasema simu haina kosa. Picha ya ufuko huamuliwa kwanza na maji, kisha na upande ambao ufuko unatazama, na mambo yote mawili hujulikana siku nyingi kabla ya safari. Anayeanza na kalenda ya mwezi, akaja kwenye saa, na mwisho akachagua ufuko, atapata kwa simu ya kawaida picha ambazo mwenye kamera ya mamilioni aliyefika adhuhuri hawezi kuzipata.

Tuanze na maji. Katika pwani yetu bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku moja, na kila siku saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Kila mvuvi analijua hilo. Lisilojulikana sana na wasafiri wa bara ni kwamba katika eneo la Dar es Salaam na Bagamoyo bamvua, yaani maji makubwa ya mwandamo na ya mwezi mpevu, ina saa zake, na haiziachi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na alasiri, na hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano, asubuhi na usiku. Ni hivyo Januari, ni hivyo Agosti. Katika bamvua kubwa tofauti ya kimo kati ya kujaa na kupwa huzidi mita 3, na penye ufuko bapa kama wa Bagamoyo, mita hizo 3 za kushuka ni mwendo mrefu wa mchanga mtupu kabla ya kuyafikia maji. Wiki moja baadaye, mwezi ukiwa nusu, yanakuja maji mafu. Bahari inapanda na kushuka kiasi cha mita 1 hivi tu, na saa zimegeuka: maji yanajaa asubuhi ya saa nne au tano, wala hayajai sana. Sasa irudie ile safari ya Jumamosi. Ikiangukia siku za bamvua, familia imefika ufukweni katika saa ambayo maji yako mbali kuliko saa nyingine yoyote ya mchana, na jua linakaribia utosini. Hakuna mafundisho ya upigaji picha yatakayoiokoa saa hiyo.

Jambo la pili ni uso wa ufuko. Bahari yetu iko mashariki, na pwani ya Bagamoyo inatazama zaidi kaskazini-mashariki. Jua huchomoza kutoka majini na kuzama nchi kavu, nyuma ya minazi na nyumba. Hapa ndipo ushauri unaotolewa kila mahali, kwamba mpiga picha aamke alfajiri, unapohitaji kupimwa upya. Alfajiri ni nzuri, lakini inatoa picha ya aina moja. Jua likiwa mbele yako unapata umbo la jahazi likiwa jeusi mbele ya anga jekundu, unapata mng'ao kwenye mchanga uliolowa, unapata moshi wa wakaanga samaki ukiwa na mwanga nyuma yake. Hupati rangi ya bahari, na hupati uso wa mtu. Tena asubuhi yetu ni fupi. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na katika latitudo hizo jua hupanda karibu wima. Haliambai upeo wa macho kwa muda mrefu kama linavyofanya katika nchi za Ulaya, ambako vitabu vingi vya picha vimeandikwa. Linachomoza kati ya saa 11:50 na saa 12:40 kutegemea mwezi wa mwaka, na saa moja baada ya hapo mwanga laini umekwisha. Anayetoka Kisarawe saa kumi na moja alfajiri ili apenye Gongo la Mboto na jiji zima kabla ya mwanga huo kuisha anacheza na bahati, na msongamano wa magari haumsubiri mtu.

Alasiri ndiyo saa inayodharauliwa, na ndiyo ninayoitetea. Kuanzia saa tisa na nusu jua limekwisha kuhamia nyuma ya anayeitazama bahari. Linapiga maji kutoka mgongoni kwako, likiwa bado juu kiasi cha kuingia ndani ya maji na kuyapa rangi yake ya kijani na buluu badala ya kung'arisha uso wake tu. Linapiga tanga, linapiga ubavu wa mashua uliopakwa rangi, linapiga uso wa mtu anayekutazama. Ongeza sasa hesabu ya maji: siku za mwezi mpevu na za mwandamo bahari inajaa saa kumi hadi saa kumi na moja alasiri. Mara mbili katika kila mwezi, basi, mwanga mzuri na maji mengi vinakutana katika saa ileile, na mtu wa Kibaha anaweza kula chakula cha mchana nyumbani na bado akaikuta. Vyombo vinaelea, mawimbi yako karibu, na ule uwanja wa mchanga wenye chupa na mwani umefunikwa.

Kati ya nafasi hizo mbili, ya mwezi mpevu inazidi. Msomaji atauliza: na machweo je? Kila mtu anataka picha ya jua likizama baharini. Jibu la kweli ni kwamba pwani ya bara haina picha hiyo isipokuwa mahali pachache ambapo nchi imejikunja. Rasi ya Msasani ni mojawapo, kwa kuwa upande wake wa ghuba unatazama magharibi, na ndiyo maana watu hujaa Slipway jioni. Unguja inayo, Forodhani na Kendwa, kwa sababu ni upande wa magharibi wa kisiwa. Bagamoyo, Kunduchi, Coco na Kigamboni ya kusini hazina, na anayesubiri hapo jua lizame majini atabaki na picha ya mgongo wa hoteli. Lakini pwani ya mashariki imepewa kitu kingine ambacho ile ya magharibi haina: mwezi mpevu huchomoza kutoka baharini wakati jua linazama nyuma yako. Jioni moja kabla ya mwezi kuwa mpevu kabisa ni bora zaidi kwa kamera, kwa kuwa mwezi hutangulia kuchomoza karibu saa nzima kabla ya giza. Anga bado lina rangi ya zambarau, mbao za mashua bado zinaonekana, na mwezi wenyewe haujawa mkali kupita kiasi. Usiku ukishaingia simu huufanya mwezi kuwa doa jeupe juu ya weusi mtupu. Desemba mwezi mpevu huchomoza upande wa kaskazini-mashariki, karibu kabisa mbele ya ufuko wa Bagamoyo; Juni huchomoza kusini zaidi, mkono wa kulia wa anayetazama bahari, na wakati huo ni vizuri kusogea kushoto ufukweni ili ngalawa zilizofungwa ziwe kati yako nao.

Pingamizi zito zaidi ni la ajira. Mwalimu wa Kibaha au muuguzi wa Tumbi hapangiwi likizo na mwezi. Ana Jumamosi au Jumapili, na hiyo haiulizi bamvua. Nakubali, na sisemi mtu asiende baharini siku ambayo maji hayako tayari. Ninachosema ni kwamba ajue kabla ya kuondoka ni picha gani siku hiyo inatoa, asiende kutafuta ile ambayo haipo. Maji yaliyopwa yana utajiri wake. Mashua zinalala ubavu mchangani na kuonyesha umbo la chini ambalo maji huwa yamelificha. Kaole, karibu na magofu ya msikiti wa kale, mizizi ya mikoko hubaki wazi, na kwenye tope panakuwa na mistari na nyayo za ndege ambazo mwanga wa ubavuni huzichora vizuri. Wanaokusanya kombe na wanaovuta nyavu hutoka wakati huo. Picha hizo zinataka mpigaji ainame na ageuze kamera chini, aache upeo wa macho. Zinataka pia mwanga wa mapema au wa jioni, na hapo kalenda inarudi. Anayefuata kalenda ya Kiislamu tayari ana jedwali la maji ukutani mwake. Kwenye tarehe 2 na 3, na tena 16 na 17, maji hujaa karibu na macheo na karibu na machweo. Kwenye tarehe 9 na 10, na tena 24 na 25, hupwa saa hizohizo, ingawa kwa kuwa ni karibu na maji mafu bahari haiendi mbali. Kwa uhakika wa saa na dakika, tafuta kwenye simu jedwali la maji la bandari ya Dar es Salaam, ambalo kwa Bagamoyo halikosei sana. Angalia pia tofauti ya kimo kati ya kujaa na kupwa, maana ndiyo inayokuambia kama ni bamvua au maji mafu. Saa peke yake haitoshi. Na upepo na mawimbi huulizwa kwa Mamlaka ya Hali ya Hewa, ambayo hutoa utabiri wa bahari kila siku.

Rangi ya maji ni suala la pekee, na hapa mtu wa Kibaha ana faida ambayo mkazi wa jijini hana. Wengi hurudi kutoka Bagamoyo wakilalamika kuwa maji yalikuwa ya kahawia, kana kwamba wamedanganywa. Sababu ni Ruvu. Mto huo unapita wilaya ya Kibaha, unavuka chini ya barabara ya Morogoro mbele kidogo ya Mlandizi, na kuingia baharini kaskazini tu mwa mji wa Bagamoyo. Wami nao unaingia baharini mbele zaidi, upande wa Saadani. Mvua za masika zikinyesha Uluguru, udongo wa milimani unapita Mlandizi kabla ya kufika baharini. Mwenye ndugu au dereva anayevuka daraja la Ruvu amuulize mto una rangi gani wiki hiyo. Ukiwa mwekundu na umejaa, ufuko wa Bagamoyo hautakuwa buluu kwa dua yoyote. Kati ya Machi na Mei, basi, nenda Bagamoyo kwa ajili ya vyombo, soko la samaki, milango na kuta za mawe, ambazo anga la mawingu huzipendezesha, na acha rangi ya bahari. Anayetaka maji meupe yanayoonyesha mchanga chini achague kaskazi, Desemba hadi mwanzoni mwa Machi, na aende mbali na midomo ya mito: Mbudya na Bongoyo, ambazo ni hifadhi za bahari zenye ada ya kuingia, au fukwe za Kigamboni kusini mwa Mjimwema. Kusi, kuanzia Mei hadi Septemba hivi, huleta mawimbi na anga safi. Ni msimu mzuri wa kupiga matanga yaliyojaa upepo, na wa kupiga mawimbi yanayopasuka kwenye miamba ya Coco wakati wa kujaa. Ni msimu mbaya kwa simu isiyofunikwa, kwa sababu chumvi hutanda kwenye lenzi bila kuonekana na kuifanya picha kuwa na ukungu. Futa lenzi kila mara kwa kitambaa laini kikavu, kamwe si kwa upindo wa fulana yenye mchanga.

Wapo watakaosema kwamba haya yote yamepitwa na wakati, kwa kuwa programu za simu siku hizi zinabadilisha anga, zinaongeza buluu na kufuta chupa ufukweni. Zinaweza, ndiyo. Lakini haziwezi kuhamisha mwanga kutoka utosini mwa mtu na kuuweka usoni pake, wala kuleta maji kwenye mashua iliyolala mchangani, na kila anayeijua Bagamoyo ataona mara moja kwamba buluu ile haikutoka huko. Kuna marekebisho machache yenye maana, na yanafanywa wakati wa kupiga. Mchanga mweupe huidanganya kamera: ikiona weupe mwingi hudhani mwanga umezidi, inaipunguzia picha mwanga, na mchanga unatoka wa kijivu. Gusa mchanga kwenye kioo cha simu kisha upandishe mwanga kidogo kwa kidole. Kwa watu, hasa sisi wenye ngozi nyeusi tunaposimama mbele ya bahari inayong'aa, gusa uso na si maji. Ni heri anga lipauke kidogo kuliko mtu apotee. Usivute picha kwa vidole ili jahazi lionekane karibu, tembea ulifuate. Na unyooshe upeo wa macho, maana bahari ikiinama jicho haliangalii kitu kingine.

Barabara nayo inaingia katika hesabu. Kutoka Kibaha kuna njia mbili za kwenda Bagamoyo: kupitia Mlandizi na Makofia, au kushuka Mbezi, kukata Goba hadi Tegeta na kuifuata barabara ya Bagamoyo. Ya Mlandizi inakwepa jiji, lakini uliza hali yake kabla ya kwenda, hasa mvua zikinyesha. Kwa Kisarawe, bahari iliyo rahisi zaidi ni ya Kigamboni, kupitia Mbagala na Kongowe ya Temeke (si ile ya Kibaha) hadi Mjimwema, bila kuingia katikati ya mji. Ushauri wa alasiri na mwezi una gharama moja ambayo sitaificha: unakurudisha usiku. Barabara ya Morogoro usiku ni ya malori, na mtu aliyeshinda ufukweni akisubiri mwezi si dereva mzuri wa kuyapita. Mwenye uwezo alale Bagamoyo, apate na alfajiri ya kesho yake bila kuikimbilia. Asiye na uwezo apige hadi saa kumi na moja na nusu, aondoke na mwanga, na mwezi auache kwa safari ambayo kuna dereva wa pili. Alasiri peke yake, maji yakiwa yamejaa, inatosha kuifanya safari iwe na faida.

Mwisho ni wale wanaoonekana ndani ya picha. Kujaa kwa maji alasiri ni saa ya kazi pwani: wavuvi wanaingia au wanatoka, wachuuzi wa samaki wanapigania bei, watoto wanaogelea. Ndiyo saa yenye picha nyingi, na ndiyo saa ambayo mgeni mwenye simu huwa kero. Salimia kwanza, shikamoo kwa mkubwa, eleza unachotaka, na ukikataliwa ondoka bila kupiga kwa kuibia ukiwa mbali. Mtoto wa mtu hapigwi picha bila mzazi au mlezi kuulizwa, hasa akiwa anaogelea. Ukimsumbua mvuvi katikati ya kushusha samaki, umemchelewesha mnadani, na bei haimsubiri. Ngoja amalize, au nunua samaki wake. Ukikubaliwa, chukua namba yake ya simu umtumie picha jioni hiyohiyo. Wengi wao wamepigwa picha na wageni miaka nenda rudi na hawajawahi kuona hata moja. Usielekeze kamera kwenye kambi za jeshi, na njia hizi zinazo: JKT Ruvu iko Mlandizi, na wanamaji wako Kigamboni. Ndege isiyo na rubani hairushwi bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, hata kama ufuko ni mtupu. Kibali hicho huombwa kabla ya siku ya safari, kwa hiyo anayekitaka akiweke kwenye kalenda ileile aliyoweka alama ya mwezi mpevu.